Kutoka Nairobi hadi New York: Umbali, Muda wa Safari na Saa za Mahali

Mwanafunzi, swali la safari ya ndege kati ya miji miwili iliyo mbali huonekana jepesi. Unapewa mahali pa kuondoka, mahali pa kufika na saa ya kuondoka, kisha unaulizwa ndege itatua saa ngapi au ilikwenda kwa kasi gani. Hata hivyo, swali hili huwanyang'anya alama watahiniwa wengi, wakiwemo wale wanaojua kanuni zote. Sababu ni kwamba ndani yake kuna mambo matatu yanayokaribiana sana:

(a) Umbali: kilomita ngapi kati ya mji mmoja na mwingine juu ya uso wa dunia.
(b) Muda wa safari: saa ngapi abiria anakaa ndani ya ndege.
(c) Tofauti ya saa: saa ya ukutani ya mji mmoja imetangulia ya mji wa pili kwa kiasi gani.

Anayechanganya (b) na (c) hupata jibu lisilowezekana, na mara nyingi haligundui. Katika somo hili tutatumia safari moja ya kweli kuyatenganisha mambo haya matatu, kisha tutajifunza njia ya kukagua jibu kabla ya kukabidhi karatasi.

1. Safari yetu ya mfano

Tarehe 28 Oktoba 2018 shirika la ndege la Kenya Airways lilianzisha safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York. Kabla ya hapo, abiria wa Nairobi aliyekwenda Marekani alilazimika kubadili ndege njiani, kwa mfano Ulaya au katika nchi za Ghuba. Safari mpya ilitumia ndege ya Boeing 787-8, na ilitangazwa kuwa ya saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Kumbuka namba hizo mbili. Njia ni ileile na ndege ni ya aina ileile, lakini muda haulingani. Tutaona sababu yake katika sehemu ya 3.

Taarifa tutakazotumia, baada ya kukadiria nyuzi hadi namba nzima, ni hizi:

Nairobi: latitudo 1° Kusini, longitudo 37° Mashariki. Saa zake ni GMT+3 mwaka mzima.
New York: latitudo 41° Kaskazini, longitudo 74° Magharibi. Saa zake ni GMT−5 majira ya baridi na GMT−4 majira ya joto.

2. Umbali juu ya tufe

Dunia ni tufe. Kwa hiyo umbali kati ya miji miwili hatuupimi kwa rula juu ya ramani, bali kwa kufuata mpindo wa uso wa dunia. Njia fupi kuliko zote hupita kwenye duara kuu. Duara kuu ni duara lolote juu ya uso wa dunia ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia. Ikweta ni duara kuu. Kila mstari wa longitudo ni nusu ya duara kuu. Mistari mingine ya latitudo, isipokuwa Ikweta, ni maduara madogo, na kuifuata si njia fupi.

Tukichukua nusukipenyo cha dunia kuwa km 6,370 na π kuwa 3.14, mzingo wa duara kuu ni:

2 × 3.14 × 6,370 = km 40,003.6

Duara lina nyuzi 360, kwa hiyo nyuzi moja ya duara kuu ni 40,003.6 ÷ 360 = km 111.12. Namba hii ikariri. Ukiipata pembe kati ya miji miwili kwenye kitovu cha dunia, kazi iliyobaki ni kuzidisha tu.

Mfano wa 1. Miji iliyo kwenye longitudo moja.
Dar es Salaam iko 7° Kusini, 39° Mashariki. Addis Ababa iko 9° Kaskazini, 39° Mashariki. Tafuta umbali kati yake.

Mmoja uko kusini na mwingine kaskazini ya Ikweta, kwa hiyo tunajumlisha: 7 + 9 = nyuzi 16.
Umbali = 16 × 111.12 = km 1,778 kwa kukadiria.

Kanuni: pande tofauti za Ikweta, jumlisha. Upande mmoja, toa.

Mfano wa 2. Miji iliyo kwenye latitudo tofauti na longitudo tofauti.
Nairobi na New York hazimo kwenye longitudo moja, wala zote mbili haziko kwenye Ikweta. Hapa tunatumia kanuni ya kosaini ya tufe. Kama pembe kati ya miji ni d:

cos d = (sin ya latitudo ya kwanza × sin ya latitudo ya pili) + (cos ya latitudo ya kwanza × cos ya latitudo ya pili × cos ya tofauti ya longitudo)

Latitudo ya kusini huwekewa alama ya kutoa. Tofauti ya longitudo: mji mmoja uko Mashariki na mwingine Magharibi ya Greenwich, kwa hiyo 37 + 74 = nyuzi 111.

sin(−1°) × sin 41° = −0.0175 × 0.6561 = −0.0115
cos 1° × cos 41° × cos 111° = 0.9998 × 0.7547 × (−0.3584) = −0.2704
cos d = −0.0115 − 0.2704 = −0.2819

Kwa kuwa kosaini ni hasi, pembe ni kubwa kuliko nyuzi 90. d = nyuzi 106.4.
Umbali = 106.4 × 111.12 = km 11,823, yaani takribani km 11,820.

Angalia ukubwa wa namba hiyo. Nyuzi 106.4 ni zaidi ya robo ya mzingo wa dunia. Ukipata jibu linalozidi km 20,000 kwa miji yoyote miwili duniani, umekosea mahali fulani, kwa sababu km 20,000 ni nusu ya mzingo na hakuna mahali palipo mbali zaidi ya hapo kwa njia fupi.

Ramani ya ukutani inavyodanganya

Chora mstari ulionyooka kutoka Nairobi hadi New York kwenye ramani ya dunia ya aina ya Mercator. Mstari huo utapita Afrika ya Kati, karibu na Burkina Faso, kisha utavuka Atlantiki. Unaonekana mfupi, lakini juu ya tufe una urefu wa takribani km 12,185. Njia ya duara kuu inapita kaskazini zaidi: juu ya Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, kusini mwa Algeria na Morocco, kisha karibu na visiwa vya Azores katikati ya Atlantiki. Inapanda hadi karibu nyuzi 42 kaskazini, halafu inashuka kidogo kuingia New York. Kwenye ramani inaonekana imepinda kama upinde, lakini ni fupi kwa zaidi ya km 350. Kwa ndege kubwa hiyo ni zaidi ya dakika 20 za mafuta.

Kama shule yako haina globu, chukua mpira na uzi. Weka alama mbili mbali na Ikweta, kisha vuta uzi ukaze kati ya alama hizo. Uzi uliokazwa hujilaza wenyewe kwenye duara kuu. Bila shaka rubani anaweza kukengeuka kidogo ili kukwepa dhoruba, kutafuta upepo mzuri au kuepuka anga iliyofungwa. Lakini msingi wa njia yake ni duara kuu.

3. Muda wa safari

Kanuni unaijua tangu shule ya msingi: kasi = umbali ÷ muda. Tuitumie.

Kwenda New York: 11,820 ÷ 15 = km 788 kwa saa
Kurudi Nairobi: 11,820 ÷ 14 = km 844 kwa saa

Ndege ya Boeing 787 ikiwa juu angani husafiri kwa takribani km 900 kwa saa. Kwa nini basi wastani wetu ni mdogo? Kwa sababu muda wa ratiba huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka ilipoegeshwa na huisha inaposimama mahali pa kushushia abiria. Ndani yake kuna muda wa kutembea ardhini, wa kupaa polepole, wa kushuka na wa kusubiri zamu ya kutua. Katika mtihani, kasi utakayoombwa ni kasi ya wastani. Usiichanganye na kasi ya ndege ikiwa juu.

Sasa ile tofauti ya saa moja. Katika latitudo za kati, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 hivi, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Mikondo hii husababishwa na tofauti ya joto kati ya maeneo ya tropiki na ya ncha za dunia, pamoja na mzunguko wa dunia unaoupinda upepo huo kuelekea mashariki. Huwa na nguvu zaidi majira ya baridi, wakati tofauti ya joto ni kubwa. Ndege inayokwenda New York hukutana na upepo huu usoni hasa inapovuka Atlantiki. Inayorudi husukumwa nao mgongoni.

Tukadirie. Tuseme wastani wa upepo kwa njia nzima ni km 35 kwa saa, na ndege inakwenda km 900 kwa saa ndani ya hewa.

Kwenda: 900 − 35 = 865; 11,820 ÷ 865 = takribani saa 13 na dakika 40
Kurudi: 900 + 35 = 935; 11,820 ÷ 935 = takribani saa 12 na dakika 40

Tofauti ni saa moja kamili. Ongeza saa 1 na dakika 20 kila upande kwa ajili ya kutembea ardhini, kupaa, kushuka na kukengeuka, utapata saa 15 na saa 14.

Zingatia: Wanafunzi wengi huandika kwamba dunia inajizungusha kuelekea mashariki, kwa hiyo ndege inayokwenda magharibi hufika mapema kwa kuwa mji unaifuata. Hili si kweli. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege iko ndani ya hewa hiyo. Uso wa dunia kwenye Ikweta huzunguka kwa karibu km 1,670 kwa saa. Kama hoja hiyo ingekuwa sahihi, helikopta ingepaa Nairobi, ikatulia angani kwa saa moja, na kushuka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Zaidi ya hayo, safari yetu inaonyesha kinyume chake: kwenda magharibi ndiko kunakochukua muda mrefu.

4. Tofauti ya saa

Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, au nyuzi 1 kwa dakika 4. Mahali palipo mashariki hulitangulia jua, kwa hiyo saa zake ziko mbele.

Kati ya Nairobi na New York kuna nyuzi 111. Kwa hesabu ya jua: 111 × 4 = dakika 444, yaani saa 7 na dakika 24. Lakini hakuna mtu anayevaa saa ya jua. Nchi hutumia saa za ukanda. Afrika Mashariki hufuata longitudo 45° Mashariki, na New York hufuata longitudo 75° Magharibi. Kati yake kuna nyuzi 120, na 120 ÷ 15 = saa 8. Hiyo ndiyo tofauti ya saa za ukutani majira ya baridi. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, New York husogeza saa mbele kwa saa moja, na tofauti hubaki saa 7.

Katika mtihani soma swali kwa makini. Ukipewa longitudo tu, tumia dakika 4 kwa kila nyuzi. Ukipewa GMT, tumia GMT.

Mtego wa saa ya Kiswahili

Tiketi ya ndege huandikwa kwa mtindo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane. Sisi huhesabu saa kuanzia alfajiri na kuanzia magharibi, kwa hiyo kati ya mitindo hii miwili kuna saa 6. Saa 23:00 ya tiketi ni saa 5 usiku. Saa 06:00 ni saa 12 asubuhi. Ushauri wangu ni huu: fanya hesabu yote kwa saa 24, kisha geuza jibu la mwisho tu kuwa saa ya Kiswahili. Ukigeuza katikati ya hesabu utapotea.

Mtego wa pili uko kwenye tarehe. Tiketi ikisema 00:30 Jumapili, ndege inaondoka saa 6:30 ya usiku wa kuamkia Jumapili. Abiria anatakiwa kuwa uwanjani Jumamosi usiku. Anayesubiri Jumapili iingie jioni ndipo afunge begi ataikosa ndege kwa karibu siku nzima, na nauli yake huenda ikapotea. Lugha yetu imeshatupatia neno la kuepuka kosa hili, nalo ni "kuamkia". Litumie.

Mfano wa 3. Kwenda.
Ndege imeondoka Nairobi Ijumaa, Januari, saa 5 usiku, na kuruka kwa saa 15. Itatua New York saa ngapi kwa saa za huko?

Hatua ya 1: Saa ya kuondoka ni 23:00 Ijumaa (Nairobi).
Hatua ya 2: Ongeza muda wa safari: 23:00 + 15 = 14:00 Jumamosi (bado saa za Nairobi).
Hatua ya 3: New York iko nyuma kwa saa 8: 14:00 − 8 = 06:00 Jumamosi.
Jibu: saa 12 asubuhi, Jumamosi.

Mfano wa 4. Kurudi.
Ndege imeondoka New York Jumamosi hiyohiyo saa 6 mchana na kuruka kwa saa 14. Itatua Nairobi lini?

Hatua ya 1: 12:00 Jumamosi (New York).
Hatua ya 2: 12:00 + 14 = 02:00 Jumapili (saa za New York).
Hatua ya 3: Nairobi iko mbele kwa saa 8: 02:00 + 8 = 10:00 Jumapili.
Jibu: saa 4 asubuhi, Jumapili.

5. Kukagua jibu lako

Katika Mfano wa 3, saa za ukutani zinaonyesha 23:00 hadi 06:00, yaani saa 7. Katika Mfano wa 4 zinaonyesha 12:00 hadi 10:00 ya kesho yake, yaani saa 22. Mwanafunzi mwenye haraka atagawa umbali kwa namba hizo:

11,820 ÷ 7 = km 1,689 kwa saa
11,820 ÷ 22 = km 537 kwa saa

Jibu la kwanza linapita kasi ya sauti, ambayo katika kimo hicho ni karibu km 1,060 kwa saa. Tangu Concorde iache kuruka mwaka 2003, hakuna ndege ya abiria inayosafiri hivyo. Jibu la pili ni dogo mno kwa ndege kubwa ya masafa marefu. Kwa hiyo, kwa safari ndefu kama hii, jiulize: je, kasi yangu ya wastani iko kati ya km 750 na 950 kwa saa? Kama haiko, rudi uangalie kama umegeuza saa zote mbili kuwa za mji mmoja kabla ya kutoa. Ukaguzi huu unachukua nusu dakika, na unaweza kuokoa alama za swali zima.

Muhtasari

Umbali hutokana na pembe: nyuzi × 111.12 kwenye duara kuu.
Muda wa safari hutokana na umbali, kasi ya ndege na upepo. Saa za ukutani hazimo.
Tofauti ya saa hutokana na longitudo, au na GMT iliyotangazwa. Ndege haimo.
Ongeza muda wa safari kwanza ukitumia saa za mji wa kuondokea, kisha hamia saa za mji wa kufikia.

Maswali ya marudio

1. Kampala na Quito zote ziko karibu sana na Ikweta. Chukulia Kampala iko 0°, 33° Mashariki, na Quito iko 0°, 78° Magharibi. (a) Tafuta umbali kati yake kupitia Ikweta. (b) Ndege yenye kasi ya wastani ya km 800 kwa saa ingetumia muda gani?

2. Ndege imeondoka Dubai (GMT+4) saa 10 alasiri na kuruka saa 5 na dakika 30 hadi Dar es Salaam (GMT+3). Itatua saa ngapi?

3. Tiketi ya mjomba wako inasema 00:40 Jumapili, na anatakiwa kufika uwanjani saa 3 kabla. Afike siku gani na saa ngapi?

4. Rudia Mfano wa 3, lakini safari iwe ya mwezi Julai.

5. Eleza kwa nini safari ya New York hadi Nairobi huchukua muda mfupi kuliko ya kwenda, na kwa nini kujizungusha kwa dunia chini ya ndege si sababu.

Majibu

1. (a) 33 + 78 = nyuzi 111; 111 × 111.12 = takribani km 12,334. (b) 12,334 ÷ 800 = saa 15 na dakika 25 hivi.

2. 16:00 Dubai ni 15:00 Dar es Salaam. 15:00 + 5:30 = 20:30, yaani saa 2:30 usiku.

3. Saa 21:40 Jumamosi, yaani saa 3:40 usiku wa kuamkia Jumapili.

4. Tofauti ni saa 7. 14:00 − 7 = 07:00 Jumamosi, yaani saa 1 asubuhi.

5. Taja mambo mawili: mikondo ya upepo wa juu inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki na kuisukuma ndege, na kwamba hewa, pamoja na ndege iliyomo, huzunguka pamoja na dunia. Ukitaja moja tu, umejibu nusu ya swali.